Nusu ya Mtihani

Mwalimu mkuu alikataa kiti. Mtu akikataa kiti ofisini kwako, ujue amekuja na neno, na la huyu lilikuwa kwenye karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Aliikunjua juu ya meza ya Mama Chapa, mwenye karakana ya uchapaji, akainyoosha kwa kiganja, akasubiri.

Ulikuwa mwandiko wa mtoto, kwa kalamu ya bluu. Maswali ya hisabati ya muhula wa pili, ukurasa wa kwanza na ukurasa wa tatu, neno kwa neno. Na mtihani wenyewe ulikuwa bado kufanywa. Nakala zake mia nne zilikuwa ndani ya kabati la chuma, hatua tatu kutoka pale alipokaa Mama Chapa, zimefungwa na kupigwa mhuri wa shule.

"Nimemkuta nayo mwanafunzi," mwalimu mkuu alisema. "Anasema kapewa na mwenzake, na mwenzake anasema kapewa na mwenzake. Hao sitafika mwisho wao. Lakini mwanzo wao uko humu ndani, Mama."

"Mwalimu, miaka yote hii tumewahi kukuangusha?"

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sikutuma barua. Nakupa mpaka Ijumaa. Niletee jina la aliyeutoa, na mtu huyo aondoke, kazi itabaki kwako. Ukishindwa, mitihani naipeleka kwingine, na ofisi ya elimu itajua kwa nini."

Alipotoka, aliiacha karatasi ile mezani, na Mama Chapa akaanza kupiga hesabu. Kadi za harusi huja kwa msimu, vitabu vya risiti kila duka sasa linachapa lenyewe. Mitihani ya shule ile ndiyo iliyokuwa ikiifanya karakana iitwe karakana. Na shule ikimkimbia mchapaji kwa kuvujisha, nani mwingine atampa hata tangazo la msiba?

Siku za kuchapa mitihani, walioruhusiwa kuingia chumba cha mashine walikuwa wawili tu: yeye na shemeji yake. Yeye alijijua kwamba hakutoa kitu. Wawili ukitoa mmoja, hesabu hiyo haina haja ya mwalimu.

Shemeji mwenyewe hakuwa wa damu. Alikuwa rafiki wa marehemu mumewe, fundi wa mashine aliyeanza naye walipokuwa hawana hata dirisha lenye kioo. Mume alipofariki, jamaa walimshauri mjane auze kila kitu. Wiki ya pili baada ya mazishi, shemeji alifungua mlango asubuhi, akavaa koti lake lenye madoa ya wino, akawasha mashine bila kuulizwa wala kuuliza. Miaka sita sasa. Mtu wa namna hiyo utamwitaje mwizi?

Lakini shaka ikishaingia haibishi hodi tena. Mchana ule ule Mama Chapa alianza kumchungulia kupitia kioo cha mlango. Mbona leo anapiga mluzi? Mbona simu kaenda kuipokelea nje? Alipomweleza habari ya mwalimu mkuu, shemeji alifuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa, kisha akasema, "Tuko wawili tu humu, shemeji," akarudi kwenye mashine yake. Basi. Hakuapa wala hakukasirika. Mama Chapa akajiambia kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na tangu hapo hata kikohozi cha yule mzee kikawa na maana.

Binamu yake ndiye aliyempa namba ya mpelelezi wa kujitegemea. Mama Chapa alitarajia mwanamume wa miwani myeusi. Aliyekuja jioni ile alikuwa mama mnene wa viatu bapa, mkoba kwapani, anayepanda ngazi tatu za mlangoni kama anapanda mlima. Watu walimwita Bi Polepole, na hakuona ubaya. Zamani alikuwa katika kampuni ya bima, kazi yake kuwatembelea wenye maduka yaliyoungua na kujua moto ulianzia wapi. Siku hizi alitumikia wadogo: mwenye duka la dawa ambaye dawa zake zinapungua, fundi cherehani ambaye mitindo yake inaonekana kwa jirani kabla haijapoa pasi.

"Mficha uchi hazai," alisema akikaa. "Nieleze yote, mdogo wangu."

Mama Chapa alieleza. Bi Polepole aliisoma ile karatasi mara mbili, akaigeuza, akatazama nyuma ambako hakukuwa na kitu.

"Nianze kwa kukagua hapa," alisema.

"Hapa hakuna cha kukagua, dada. Karatasi nimezihesabu, hakuna iliyopungua. Zilizoharibika nilizichoma kwa mkono wangu nikasimama mpaka zikawa majivu. Nataka umfuate shemeji yangu. Anakwenda wapi, anakutana na nani. Na asijue."

"Una hakika ndicho unachotaka?"

"Nina mpaka Ijumaa."

Bi Polepole alimtazama kidogo, akafunga mkoba. "Haya. Mteja ni mteja."

Siku tatu zilizofuata Mama Chapa hakuwa mtu. Asubuhi shemeji alimsalimu kama kawaida, naye aliitikia kwa sauti iliyopanda juu kuliko ilivyopaswa. Alimletea chai, kisha akajiona mnafiki, auma huku apuliza. Mara moja shemeji alimuuliza kama anaumwa. Alijibu ni kichwa tu. Shemeji akamtolea dawa mfukoni, vidonge viwili kwenye karatasi, na Mama Chapa akaenda nazo chooni akalia.

Alhamisi mchana Bi Polepole alirudi, akakaa, akapumua kwanza.

"Shemeji yako ni mtu wa kuchosha," alisema. "Nyumbani, kazini, nyumbani. Jana alisimama kwa kinyozi, hakunyolewa, alikwenda kubishana habari za mpira. Hana mgeni na hana kificho. Ila kitu kimoja. Jumanne saa ya chakula hakula. Alikwenda shuleni. Aliingia ofisi ya mwalimu mkuu, akakaa karibu nusu saa."

Mama Chapa aliinuka kitini. Shuleni. Kila siku wako pamoja, na shemeji hakumdokezea.

"Basi ni yeye," alisema. Alipolisikia jina lile la mwizi likikaa juu ya mtu yule, hakupata nafuu hata kidogo. Moyo ulimuuma tu.

"Mwizi anakwenda kufanya nini kwa mwalimu mkuu?" Bi Polepole aliuliza. "Na kuna jambo linaniwasha tangu Jumatatu. Nimezunguka na mwizi wa kila aina, mdogo wangu. Ni mwizi gani anaiba nusu ya mtihani? Ukurasa wa kwanza na wa tatu. Wa pili na wa nne kawaachia nani?"

Mama Chapa hakuwa amelifikiria hilo.

"Ulinituma nimfuate mtu, nimemfuata. Sasa niruhusu nifanye kazi yangu. Nionyeshe kila kitu kinachotoka humu ndani. Siyo karatasi tu. Kila kitu."

Shemeji alikuwa ametoka kununua wino. Walizunguka chumba cha mashine. Vitambaa vya kufutia huchomwa. Makopo ya wino huchukuliwa na mwenye kuuza maua. Karatasi, ameshaeleza. Bi Polepole alisimama pembeni, penye msumari mkubwa ukutani.

"Hapa pananing'inia nini?"

"Pleti zilizokwisha kazi. Yale mabati ya alumini tunayochomea maandishi kabla ya kuchapa, ukurasa mmoja pleti moja. Tukishachapa ni taka tu."

"Msumari ni mtupu."

"Nilimpa mdogo wangu Jumamosi iliyopita. Nguchiro alikuwa anamwingilia kwenye banda la kuku, akaja mbio anataka mabati ya kuzibia. Nikamnyakulia ya juu ju..."

Hakumalizia. Ya juu juu ndiyo mapya. Na mapya yalikuwa ya nini?

Katika kazi ile, toka enzi za mumewe, karatasi ndiyo iliyokuwa siri. Karatasi ilihesabiwa, ikafungiwa, ikachomwa. Pleti hakuna aliyeihesabu. Ilikuwa bati, na bati linazibia paa, linakingia mvua, linapewa jirani. Watu wawili wenye akili zao walilinda mtihani ule kwa kufuli mbili, kisha mmoja wao akautoa mlangoni kwa mkono wake mchana kweupe, akaambiwa na ahsante.

Nyumba ya mdogo wake ilikuwa mtaa wa nyuma ya shule. Banda lilisimama kando ya uzio wa waya, na nje ya uzio ndipo ilipopita njia ya wanafunzi. Pleti nne zilikuwa zimepigiliwa misumari vizuri sana. Mbili zilitazama njiani: ukurasa wa kwanza, wenye jina la shule na neno mtihani kwa herufi kubwa, na ukurasa wa tatu. Za ukurasa wa pili na wa nne zilitazama ndani, na waliobahatika kuzisoma ni kuku peke yao.

"Kumbe yana maandishi ya maana?" mdogo wake aliuliza akiwa na bakuli la pumba mkononi. "Watoto wanasimama hapo kila asubuhi, wengine na madaftari. Nikasema watoto wa siku hizi wanapenda kuku."

Mama Chapa alishika waya wa uzio. Kwanza alicheka, kicheko kibaya kisichokuwa na furaha. Halafu aibu ikampanda kutoka miguuni. Nyani haoni kundule. Siku tatu amemwekea mtu mpelelezi, na aliyeutoa mtihani amekuwa akivaa viatu vyake kila asubuhi.

"Ningekusikiliza tu," Bi Polepole alisema, "kesho ungempa mwalimu jina la mtu asiye na kosa."

"Na ile safari ya shuleni?"

"Hiyo siijui. Kamuulize mwenye safari."

Hakuthubutu. Ijumaa asubuhi alipitia shuleni kwanza, pleti zote nne zimefungwa kwa gazeti, akazilaza mezani kwa mwalimu mkuu na kueleza habari ya kuku tangu mwanzo mpaka mwisho bila kujitetea. "Jina ulilotaka ni langu," alimaliza.

Mwalimu mkuu alizisoma pleti moja moja. Kisha alivuta droo, akatoa karatasi, akaisukuma mbele yake.

"Basi hii ni nini, Mama?"

Aliujua mwandiko kabla ya kuyajua maneno. *Mimi ndiye niliyetoa mtihani. Mwenye karakana hajui lolote. Ijumaa jioni nitaondoka kazini. Naomba kazi ya shule ibaki kwake.* Chini, sahihi ya shemeji na tarehe ya Jumanne.

"Aliniomba nisikwambie mpaka leo, apate kuaga mwenyewe," mwalimu mkuu alisema. "Nilimwuliza kwa nini aliuza. Alishindwa kunijibu, nikadhani ni aibu." Aliichana barua vipande viwili. "Mtihani tutautunga upya. Mtauchapa ninyi. Na safari hii pleti mtaniletea mimi."

Karakana ilikuwa imepona, naye alitembea kurudi kama mtu aliyefiwa.

Shemeji alikuwa akifuta rola za mashine kwa mafuta ya taa. Rafu yake ilikuwa tupu. Kikombe, redio ndogo na koti la akiba vilikuwa ndani ya boksi karibu na mlango. Mama Chapa alimweleza yote akiwa amesimama: pleti, banda, barua iliyochanwa. Mzee alisikiliza huku kitambaa kimetulia mkononi.

"Kuku," alisema mwishowe.

"Kuku, shemeji. Kwa nini uliandika vile? Hukufanya kitu."

"Tulikuwa wawili. Mimi nilijijua siyo mimi." Alikitazama kitambaa. "Nikasema labda maji yamezidi unga, na wewe huwezi kuniambia. Una watoto shuleni. Mimi wangu wameshakuwa."

"Ulidhani ni mimi, na hukukasirika?"

"Nilikasirika sana. Nikasema tuvuke hili kwanza." Akanyanyua uso. "Na wewe ulidhani ni nani?"

Angeweza kudanganya. Bi Polepole alikuwa ameshafunga mkoba wake na kwenda, na mtu mwingine hakujua. Lakini mzee alikuwa amemtazama, na miaka sita ilikuwa imesimama kati yao ikingoja jibu.

"Nilikuwekea mtu akufuate," alisema. "Jumanne, Jumatano na jana."

Shemeji alilifunika kopo la mafuta ya taa, akalikaza, akalikaza tena.

"Mpaka kwa kinyozi?"

"Mpaka kwa kinyozi. Nisamehe, shemeji."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, haikujulikana ni kwa kukubali au kwa kukataa. Aliinama, akatoa kikombe kwenye boksi, akakirudisha kwenye rafu. Halafu redio. Halafu koti.

"Mtihani mpya unataka kuchapwa," alisema, mgongo ukiwa upande wake. "Jumatatu nitakuja saa ile ile. Ila kwa sasa niite fundi tu."

Mama Chapa alisimama pale mlangoni, machozi yakimtiririka asiyafute.

"Sawa," alisema. "Sawa, fundi."