Mbizi ya Tatu

Bibi Tusajigwe alishuka Matema Alhamisi mchana na kikapu chake kutoka Uyole, akamkuta mjukuu wake Blandina amekaa ufukweni meno yanagongana. Ziwa Nyasa limetulia, jua linawaka, watoto wanaoga. Aliyekuwa na baridi ni yeye peke yake.

Blandina alikuwa kwenye wiki ya majaribio. Kazi yenyewe ni kupiga mbizi na mtungi wa hewa mgongoni, mara tatu kwa siku, kuhesabu samaki wa kwenye miamba na kuwaandika kwa penseli kwenye kibao cha plastiki. Mbizi ya kwanza aliandika vizuri, ya pili hivyo hivyo. Ya tatu vidole vilikufa ganzi, namba zikawa kama kuku kapita. Fanueli, msimamizi wao, alishamwambia wazi: kesho Ijumaa kibao cha tatu kisiposomeka, Jumatatu asije.

Bibi akauliza anavaa nini humo majini. Akaonyeshwa vazi la mpira la mikono mifupi. Refu lilikuwepo, na kofia yake, ila Blandina alilikataa siku ya kwanza mbele ya wenzake, akawacheka wanaovaa sweta mwezi wa sita. Yeye mtu wa Uyole, kule juu milimani, baridi gani ya huku imtishe? Na kila alipotoka majini alikaa kwenye boti na mpira ule ule mbichi, upepo unampiga.

Bibi alicheka mpaka akafuta machozi.

"Baridi ya Uyole hukuizoea, mama. Uliivalia sweta."

Kisha akamweleza taratibu, kama anavyowaeleza wavunaji wa viazi shambani kwake. Manyunyu ya asubuhi hayamwangushi mtu. Kinachomwangusha ni kushinda na gauni bichi mpaka saa nane, maana mwili unapoa kidogo kidogo na mwenyewe hajui. Na maji, hata yawe vuguvugu, ukikaa sana yanakunyang'anya joto. Basi asingoje kutetemeka. Akitoka tu, avue, ajifute, avae nguo kavu, afunike kichwa, anywe uji wa moto. Akianza kutetemeka huko chini, apande polepole kama alivyofundishwa, kazi baadaye.

Ijumaa Blandina akaomba vazi refu. Mwenzake Asukile akamuuliza kama Uyole siku hizi kumeingia joto. Blandina akavaa. Bibi naye akapanda boti na chupa ya uji, na kila mjukuu alipoibuka alimzungushia khanga, akamvua mpira kama anamenya ndizi, akamviringisha blanketi.

Mbizi ya tatu ilipoisha, Fanueli alikishika kibao pale pale botini, akakisoma muda mrefu.

"Hii ni sita au sifuri?"

"Sita," Blandina akajibu, mkono umetulia.

Fanueli akaandika sita. "Jumatatu saa moja. Usichelewe."

Bibi alikuwa bado anamtazama Fanueli.

"Na wewe baba, shati limekulowa tangu asubuhi. Vua."

Fanueli akaangalia huku na huku, akavua.