Herufi Zilizolalia Mgongo

Kama hujamwona Shangazi akichora herufi, basi hujaona kitu. Zake ni nene, hazina vikia wala mapambo, na zote huinama mbele kama mtu anayemkimbilia mpenzi wake. Gereji, bucha, duka la viatu, mtaa mzima unakimbia kwa mkono wake. Ukizitazama sana unahisi ukuta nao umeanza kwenda.

Binti wa kaka yake alipofungua saluni hakutaka fundi mwingine. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na saluni ya Mama Mdomo, naye alishatangaza kwamba huyo mtoto hatamaliza mwezi.

"Chora kwenye kioo, Shangazi," binti alisema. "Kwa ndani, mvua isiibambue rangi."

Kwa ndani ni kuchora kinyume. Shangazi alitufukuza sisi majirani, hatukutoka, tukajazana hadi kwenye sinki. Akageuza S, akageuza L, akageuza N. A, U na I akaziacha zije zenyewe, hizo hata ukizigeuza ni zile zile. Rangi nyekundu ilitambaa taratibu, jua likaingia, na vivuli vya herufi vikaanza kuelea sakafuni kati ya ndala zetu. Tukasahau hata kusengenya. Sisi!

Kicheko cha Mama Mdomo ndicho kilichotuamsha. "Jamani, njooni muone! Saluni imezirai!"

Tukatoka mbio. SALUNI ilisomeka vizuri kabisa, ila herufi zote zimeanguka nyuma. Shangazi aligeuza herufi, akasahau kugeuza mwinamo.

"Nipe wembe," alisema. "Nikwangue kabla haijashika."

Binti alirudi nyuma hatua chache. Alisimama katikati ya barabara, shingo upande, pikipiki zikimkwepa. Akatazama herufi za Mama Mdomo, kazi ya Shangazi vilevile, zinavyokimbia kama zimechelewa. Akatazama zake.

"Shangazi, kaa kwanza."

"Nikae nini, na aibu hii?"

"Kaa, bwana."

Akamketisha, akakilaza kiti, akamwegemeza shingo kwenye sinki na kufungulia maji ya uvuguvugu. Sisi tulikuwa nje. Kupitia kioo tukamwona Shangazi amelala mwinamo uleule wa ile A, mabega yakishuka, mvuke ukipanda. Mtaa ukapungua kelele. Mwenye bucha alisimama na kisu mkononi, kichwa kikimwendea nyuma pole pole bila yeye kujua. Hata Mama Mdomo, naapa, shingo ilimlegea.

"Wembe je?" Shangazi aliuliza, macho ameyafumba.

"Wa nini? Si ndivyo wateja wangu watakavyokaa?"

Hapo tukasukumana mlangoni. "Wa pili mimi!" "Wewe? Nywele zenyewe ziko wapi?"

Shangazi hakutusikia. Alishasinzia, na kidole chake kilikuwa kikichora hewani, herufi moja baada ya nyingine, zote zimejiegemeza nyuma.