Uti wa Mgongo Watangulia Kanisani

Usiku wa jana niliota uti wangu wa mgongo umetangulia kanisani bila mimi. Nimebaki kitandani, nimelegea kama shuka lililoloa, na sare ya kwaya imening'inia mlangoni.

"Shikamoo, mama," likasema goti langu jipya. Ni lile la chuma na plastiki nililowekewa mguu wa kushoto, baada ya goti la zamani kusagika na mguu kuingia tege. "Inuka twende. Wenzako wameshaanza."

Marahaba, nikaitika. Adabu linayo, siwezi kulisingizia.

Ngoja niseme kwanza kinachonikera, msije mkadhani naota ovyo. Jumapili hii ni sikukuu ya mavuno, na kwaya yetu inaingia kanisani kwa hatua. Nafasi yangu ni mstari wa mbele, sauti ya pili, tangu nikiwa binti. Lakini toka nitoke hospitali, mguu umenyooka vizuri, mgongo ndio umegoma. Unauma, na nimeegemea kulia. Mwalimu Eliakunda, anayetufundisha nyimbo, akaniambia nikae kwenye kiti kule nyuma karibu na spika, nafasi yangu apewe Mama Nsia. Mama Nsia! Sauti yenyewe kama mlango wa stoo. Nililia njia nzima hadi nyumbani.

Basi, tunaingia kanisani. Pingili za mgongo wangu zimejipanga mbele ya madhabahu, zimevaa sare, na zote zimeegemea kulia.

"Simameni wima!" nikazifokea. "Mnaniaibisha!"

"Tumesimama wima," ikajibu pingili ya kiunoni, ambayo inaimba besi na ina kiburi. "Kanisa ndilo limeinama."

Nikatazama. Kweli bwana, kanisa limeinama. Mikungu ya ndizi ya mavuno inateleza kuelekea kwa Mama Nsia, naye anaipokea bila hata chembe ya aibu.

Nafungua mdomo nimwambie ukweli wake, kumbe hapa si kanisani tena. Ni buchani. Yule binti wa mazoezi ya viungo, aliyenifundisha kutembea upya kliniki, amevaa aproni yenye damu.

"Nilikwambia nini, mama? Uzito ugawe sawasawa, miguu yote miwili."

Akachukua msumeno wa mifupa, akanigawa katikati, akasimamisha nusu huku na nusu kule. Haikuuma. Iliniudhi tu kwamba aliniweka juu ya gazeti la zamani.

"Nusu ya kushoto imezidi urefu," ikasema mizani.

"Naomba kusema, mama akiniruhusu," likasema goti. "Mimi nimenyooka. Urefu ulioliwa na tege umerudi. Lakini kila mguu ukikanyaga chini, unakuta kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Vua kiatu."

Hapo nikakumbuka. Mguu ulipopinda na kuwa mfupi, fundi viatu wa sokoni alinibandikia kipande cha tairi ndani ya kiatu cha kushoto, kisiginoni, nisichechemee. Nilipotoka hospitali nikavaa viatu vyangu vilevile, kutwa nzima. Vizima kabisa, nani atavitupa? Na kliniki huwa wananifanyisha mazoezi pekupeku, kwa hiyo binti wa watu hakujua.

Kipande cha tairi kikatoka chenyewe kiatuni, kikapanda juu ya meza ya nyama. Kimevaa tai.

"Miaka yote nimekuinua, mama. Leo unanifukuza?"

"Mguu umepona," nikakijibu. "Sasa unanibinua upande mmoja kama meza ya baa."

"Nyonga ya kushoto ikipanda, sisi tunajipinda kichwa chako kibaki katikati," ikasema pingili ya kiunoni. Kiburi chote kimeiishia. "Tulikuwa tunakuzuia usianguke, na wewe unatutukana."

Hapo niliona haya kweli. "Nisameheni, wanangu," nikasema, na machozi yakanitoka pande zote mbili, kwa usawa.

Pingili ikakirukia kile kipande, ikakiuma, ikakitupa dirishani. Bucha zima likanyooka.

Nikashtuka. Kumekucha. Kiatu cha kushoto kiko chini ya kitanda, na ndani yake kisiginoni mna gundi kavu tu. Nikachungulia dirishani. Kipande cha tairi kiko nje kwenye migomba, kina alama za meno. Mbwa sina, na meno yangu ya bandia yamelala kwenye glasi.

Nikavaa sare, nikavaa viatu, nikasimama mbele ya kioo. Mgongo bado unanung'unika, lakini pindo la sare limelala sawa, kushoto na kulia.

Nikapiga simu.

"Mama Nsia," nikamwambia kabla hata hajanisalimia, "kile kiti cha karibu na spika kina mto mzuri sana. Utakipenda."