Tirza Ashukia Merkava

Tirza Wamaitha anajilaza mchana, kwa kuwa usiku wa Sikukuu ya Majuma Wayahudi wa kijiji chao hawalali. Hukesha wakisoma Torati, na kukicha husomwa maono ya nabii Ezekieli, yale ya Merkava, gari la Mungu lenye magurudumu yaliyojaa macho. Mwaka huu msomaji ni yeye, na maono hayo hayasomwi hivi hivi, huimbwa. Lakini tangu mumewe Asheri azikwe masika yaliyopita, Tirza hana sauti ya kuimba. Kuzungumza anazungumza, akifungua kinywa aimbe, hutoka pumzi tupu. Wifi yake Adina anamfunika blanketi, maana baridi ya huku milimani haina huruma. Na sauti ikikataa, wifi? anauliza Tirza. Ikikataa nitaimba mimi na watu watatoka mbio, wanijua nilivyo, anasema Adina. Lala.

Analala, na usingizi haumpandishi, unamteremsha. Kitanda kinakuwa ngazi, ngazi inakuwa njia, na njia inashuka na kushuka, inajikunja inarudi ilikotoka, kisha inashuka tena. Pembeni yake anatembea mtu asiye na uso. Mahali pa uso pamesuguliwa pakang'aa kama sufuria iliyopigwa majivu. Waenda wapi, mama? anauliza mtu huyo. Kwenye Merkava, juu mbinguni. Basi shuka. Mbinguni si juu? Anayeanguka kisimani, anasema asiye na uso, nyota huziona wapi? Tirza anashuka.

Wanaingia mji wa vioo, au mji ndio unaowaingia, mji uliosimama juu ya mji uliopinduliwa, na kila mtaa una pacha wake chini ya nyayo. Katika dirisha moja amekaa Asheri. Ni yeye, na ile kofia ya sufi aliyomfumia mwenyewe, anaikung'uta vumbi kama siku zote. Moyo wa Tirza unaruka. Anainua mkono wa kulia, Asheri anainua wa kushoto. Anatabasamu, Asheri anatabasamu. Anamwita, na midomo ya Asheri inaita bila sauti. Niingie? anauliza Tirza. Ingia ukitaka, anasema asiye na uso, kuna kiti. Na Merkava je? Merkava haipiti mtaa huu. Tirza anasimama pale muda ambao hauna kipimo, kisha anasema kwa dirisha, nisubiri, nitarudi, na miguu yake inakwenda nayo macho yamebaki nyuma.

Mbele kuna majumba ya kifalme, moja ndani ya jingine kama maganda ya kitunguu, na kila mlango una mlinzi mrefu kuliko mwanga wa taa yake. Kitendawili, anasema wa kwanza. Tega. Huenda mbele, huenda nyuma, huenda kando, wala hageuki. Hilo Tirza amelisoma mwezi mzima akimenya viazi. Gurudumu la Merkava, anasema, na mlango unafunguka. Ndani sakafu inameremeta, inatikisika, inapiga mawimbi mpaka vifundoni. Kitendawili, anasema mlinzi wa pili. Tega. Nameta kama mto, anipitaye haloi. Tirza anaona maji, ulimi unataka kusema maji, lakini anainama anagusa, na kiganja kinarudi kikavu. Jiwe, anasema. Wengi wamezama hapa, anasema mlinzi, wamezama pakavu, na anampisha.

Mlango wa mwisho ni moto usiounguza. Mlinzi wake hana umbo, ana macho tu. Kitendawili. Tega. Mwenye vyote, kimoja hungoja apewe. Tirza anawaza. Dhahabu? La. Sadaka? La. Machozi? Hayo pia ni yake, anasema mlinzi. Umeshindwa, nipe mji. Mchezo huu Tirza anaujua tangu utotoni, anatoa miji haraka haraka: nakupa Nakuru. Siutaki. Nakupa Nyeri. Siutaki. Nakupa Babeli na mito yake. Nipe ule wa vioo, anasema mlinzi, pamoja na dirisha lake. Mume wangu yumo, anasema Tirza. Aliyemo humo ana mkono upi wa kulia? anauliza mlinzi, kwa upole, bila kuharakisha. Na Tirza, ambaye tangu alipouona ule mkono alijua kuwa ni kioo tu, analia kilio kirefu, kisha anafuta uso kwa kitenge, ananyoosha mgongo. Nakupa, anasema, chukua mji. Nyuma yake vioo vinazimika bila kelele, na moto unafunguka.

Na hii hapa Merkava. Viumbe wanne, kila mmoja na uso wa mtu na wa simba na wa ng'ombe na wa tai, mabawa yao yamegusana. Gurudumu ndani ya gurudumu. Juu yake anga kama barafu, na juu ya anga kiti cha enzi cha samawati na upinde wa mvua ukikizunguka. Lakini imesimama. Hakuna bawa linalopiga. Macho elfu kwa elfu ya magurudumu yanamtazama Tirza. Mbona kimya? ananong'ona. Asiye na uso anamjibu: huku juu hakuna anayeanza. Wimbo huanzia chini. Ndipo Tirza anapokijua kile kimoja anachongoja Mwenye vyote.

Anafungua kinywa. Pumzi tupu. Anafungua tena, na kutoka chini ya kifua, chini ya masika na udongo wa kaburi, inapanda sauti, mbichi, ina kwikwi, inapanda. Mtakatifu! anaimba Tirza, na simba ananguruma Mtakatifu, na tai, na ng'ombe, na magurudumu yanazunguka kwa ngurumo kama ya maporomoko, na katika sauti hizo zisizohesabika kuna moja nzito, ya chini kabisa, ambayo haimwigi, inamjibu. Anaijua. Hageuki kuitafuta. Anaimba.

Wifi! Wifi! Adina anamtikisa, macho yamemtoka. Umeimba usingizini, njoo uone, watu wamejaa uani. Tirza anakanyaga sakafu, na kabla hajajua ameamka, mkesha umepita, kumekucha, yumo katika sinagogi lao la mbao, maandiko yako mbele yake na watu wote wamesimama. Anaimba yale maono, na sauti inajaa paa la mabati hadi linavuma. Chini ya nyayo zake mbao zinatetemeka, kama chombo kizito kinachoanza kwenda. Hajui kama ameamka au ndiyo kwanza amefika. Wala haulizi, anavuta pumzi, anaingia aya inayofuata.