Noti ya Tatu Ndani ya Chupa ya Jamu

Jumatatu, saa nne asubuhi, mnakili wa kwaya alifungua faili la wimbo mpya akakuta mizani ya tisa, kile kipande cha mapigo kati ya mistari miwili ya wima, ina pengo. Mahali pa noti tatu palikuwa na mbili. Akalifungua kwa programu ya zamani: zote tatu zipo, na tarakimu 3 juu yake. Akalihamisha tena kwenye programu mpya, ambayo kwaya nzima ilikuwa imeagizwa kuitumia: mbili. Alirudia mara nne, maana kompyuta nyingine hutii zikichoshwa. Mara ya tano kalamu ilimponyoka, akainama kuiokota, akaiona noti ya tatu chini ya meza.

Ilikuwa nyeusi, vuguvugu, ukubwa wa punje ya harage. Alipoishika iliimba, na sauti ilikuwa ya dada yake.

Huyo dada alikuwa mwimbaji wa alto katika kwaya hiyo hiyo. Walimwita Chiriku kwa utani, kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno matatu kwa siku, na moja kati ya hayo lilikuwa "haya". Alifariki miezi saba iliyopita kwa homa ya siku nne. Aliacha kompyuta kuukuu, viatu jozi mbili na faili la wimbo mmoja. Wiki moja baada ya mazishi mwalimu wa kwaya aliliomba lile faili "kwa ukumbusho", na wiki iliyofuata akawaonyesha waimbaji wimbo huo, juu umeandikwa jina lake yeye mwalimu. Hakuna aliyeuliza. Mwalimu ni mwalimu.

Mama yao, aliyekuwa akiishi na mnakili, alikuwa na ombi moja tu. Hakutaka hotuba wala dakika ya kimya. Alitaka karatasi ya onyesho la Jumamosi iliyochapwa jina la marehemu binti yake, aitie kwenye fremu kando ya picha.

Mnakili alipekua chini ya meza, nyuma ya printa na ndani ya kapu la taka. Kufikia saa sita alikuwa na noti arobaini na moja. Wimbo ulikuwa na mafungu arobaini na moja ya noti tatu tatu, kwa hiyo hesabu ilikubali. Alizipangusa vumbi akazitia ndani ya chupa ya jamu. Zote ziliimba kwa sauti ya Chiriku, hata zile za besi, ambazo alizimudu kwa kujikaza kisabuni.

Kisha akaanza kutafuta kosa. Mtunzi anaweza kuzibana noti tatu mahali pa mbili, kama watoto watatu kwenye kitanda cha wawili, na programu ina kitufe chake cha kazi hiyo. Ukikibonyeza, kila noti inajipunguza, na faili linabeba habari hiyo popote liendako. Chiriku hakukijua kitufe hicho. Alijifunza peke yake, jikoni, bila kitabu. Aliandika noti tatu nzima nzima, akairefusha mizani kwa siri, akaificha alama ya urefu, halafu akaiandika ile 3 juu kwa maandishi ya kawaida, kama mtu anayeandika tarehe kwenye barua. Programu ya zamani ilimvumilia. Programu mpya ilihesabu, ikaona mizani imefurika, ikaiangusha noti ya mwisho.

Ili kuhakikisha, mnakili alilirekebisha fungu la mizani ya tisa kwa kitufe. Noti ya tatu ikakaa mahali pake kwenye karatasi, na kompyuta ikaipiga kwa sauti yake ya bati. Ndani ya chupa zilibaki arobaini. Aliketi akaitazama chupa: kila fungu litakalorekebishwa litampunguza dada yake.

Kesho yake mchana alimpelekea mwalimu kompyuta na chupa ukumbini, kabla ya mazoezi.

"Mwalimu, hizi tatu tatu uliziandikaje?"

"Kama kawaida. Unabonyeza kile kitufe."

"Hapa hakikubonyezwa. Mara arobaini na moja hakikubonyezwa."

Mwalimu alivaa miwani, akatazama, akaivua. Ndani ya chupa noti moja ya juu iliimba, fupi.

"Sauti yake hiyo," mwalimu alisema. "Alikuwa na alto nzuri, Mungu amrehemu."

"Wimbo ni wake, Mwalimu."

"Mdogo wangu, wimbo ni wa kwaya. Mimi nimeunyoosha tu."

Mnakili alikuwa amejiandaa usiku kucha kwa neno lililofuata. "Nitayarekebisha mafungu yote kwa siku moja. Andika jina lake tu juu. Bila hivyo nayaacha yalivyo, na Jumamosi mtaimba mapengo."

Mwalimu alikuwa mtu mpole, si wa kupandisha sauti. "Karatasi za onyesho zimeshakwenda kuchapwa. Jina tutaliangalia toleo lijalo. Sasa, hiyo chupa Jumamosi ina nafasi?"

Katibu wa kwaya, mama mmoja aliyependa mambo yawe wazi, alifungua daftari la mahudhurio. "Anaimba, basi anaandikwa," alisema. "Lakini asichelewe kama zamani." Akaandika: Chupa, alto ya pili. Waimbaji wa alto walisogea kidogo wakamwachia kiti chake kile kile, karibu na dirisha. Mmoja alimwomba mnakili afungue kifuniko nusu, asije akakosa hewa.

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa. Kila walipofika kwenye fungu la noti tatu, waimbaji waliimba mbili, na chupa ikaimba ya tatu. Haikuwahi wala haikuchelewa. Kwenye mizani ya tisa pekee waliimba zote tatu wenyewe, na hapo ndipo walipotetereka. Watu walipiga makofi wakisimama. Mwalimu aliinama, akanyoosha mkono kuelekea waimbaji, kisha akaurudisha kifuani pake. Walipokuwa wakitoka alimshika mnakili bega. "Lile faili usilirekebishe," alisema. "Limependeza hivyo hivyo."

Nyumbani mama aliisoma karatasi ya onyesho kwa kidole, mstari kwa mstari. Utunzi: jina la mwalimu, kwa herufi nene. Chini kabisa, shukrani kwa wote waliosaidia. Akaigeuza nyuma. Nyuma palikuwa peupe.

"Labda hawakupata nafasi," alisema.

"Nafasi ilikuwepo, mama."

Mama alifuta meza, akaitandaza karatasi, akaiweka chupa juu yake ili meza isichafuke. Kisha akaenda kuosha vyombo, na akiwa amewapa mgongo akaimba noti mbili, taratibu, kwa sauti yake ya uzee. Akanyamaza, mikono ndani ya maji.

Ya tatu ikajibu kutoka mezani.