Karatasi Mama

Mwalimu wa darasa la jioni hakummung'unyia maneno binti wa fundi cherehani: jina la binti halitapelekwa kwenye mtihani wa baiolojia mpaka asimame mbele aeleze kazi ya asidi kiini, yaani DNA na RNA, kwa maneno yake mwenyewe, si ya kitabu. Mara mbili alisimama, mara mbili akakwama. Dereva wa lori aliyeketi nyuma akamtania, "Dada, gari limezimika mlimani!" Darasa zima likaangua kicheko, naye akacheka nao, ila njiani kurudi nyumbani machozi yalimtoka. Bila mtihani ule, chuo cha uuguzi angekisikia kwa watu tu.

Leo ilikuwa mara ya tatu, na ya mwisho. Mchana, mtoto akiwa mgongoni, alifunga daftari akafungua sanduku la marehemu mama yake. Amshonee binti yake gauni, kichwa kipumue. Harufu ya chaki na mafuta ya cherehani ikamrudisha chini ya meza ya kukatia, enzi zile akiokota vipande vya kitambaa na kutazama nyayo za mama zikipanda na kushuka. Mwana akibebwa hutazama kisogo cha nina. Yeye alitazama nyayo.

Akatoa karatasi ya kahawia yenye mchoro wa kukatia gauni, iliyolainika kama kanga kuukuu, akaikunjua juu ya kitambaa na kushika mkasi.

"We mtoto!" Mama mdogo, aliyejifunzia ushonaji kwa dada yake chumbani humo humo, alirusha sindano chini. "Karatasi mama hiyo!"

Mkasi ukasita. Karatasi mama! Neno hilo hakulisikia tangu msiba.

"Ukiikatia, mkasi unalamba ukingo kila siku," mama mdogo alisema. "Mwishowe unabaki na nini? Umesahau? Dada alikuwa anainakili kwenye gazeti, kile kipande anachotaka tu. Leo kola, kesho mkono. Gazeti ndilo lililokuja mezani kwetu. Likichanika, shauri yake. Karatasi mama haikutoka sandukuni ila kunakiliwa."

"Na fundi mwanafunzi akihitimu, akaenda zake?"

"Huyo alinakiliwa karatasi yote, akaanzie kibanda chake. Hapo sasa dada hakutaka kusemeshwa! Aliziweka karatasi mbili pamoja dirishani, mwanga upite, akague mstari kwa mstari. 'Gazeti likikosewa, limeharibika gauni moja. Hii ikikosewa, mmeharibu ukoo.'" Mama mdogo akacheka hadi mabega yakamtikisika. "Maana yeye alishaharibu. Bibi yako mfuko aliuchora kulia. Mama yako alipojinakilia ya kuondokea kwao, ukahamia kushoto, wala hakujua. Tukaubeba sote. Mpaka leo nikiona gauni lenye mfuko kushoto barabarani, nasema, huyo wa kwetu."

Binti wa fundi alikaa kitako sakafuni. Alitazama karatasi, akatazama daftari, kisha akaanza kucheka peke yake.

"Mama mdogo, nishikie mtoto. Hii naazima."

Jioni alisimama mbele ya darasa, karatasi ya kahawia mkono mmoja, gazeti mkono wa pili.

"Hii ni DNA. Inakaa kwenye kiini cha seli, kama sandukuni. Haiendi kazini. Hili gazeti ni RNA, nakala ya kipande kinachotakiwa. Yenyewe ndiyo inayotoka kwenda kwenye ribosomu, meza ya fundi. Gauni linaloshonwa pale ni protini. Na seli ikitaka kugawanyika, DNA nzima inanakiliwa na kukaguliwa, kila seli iondoke na yake."

"Na ikikosewa?" aliuliza dereva wa lori. Safari hii hakuwa anatania.

"Pengine gauni halivaliki. Pengine halibadiliki kitu. Na pengine..." Akaweka kidole kwenye mfuko uliochorwa. "Pengine mfuko unahamia kushoto, na wote wanaofuata wanauvaa kushoto. Huyu aliyekosea alikuwa mama yangu."

Mwalimu alivuta fomu ya mtihani, akafungua kalamu.

"Nitajie jina lako herufi kwa herufi," alisema, "nisije nikakosea kunakili."

Akalitaja. Polepole, kama mtu anayekagua mstari dirishani.

Kesho yake asubuhi alitandaza gazeti juu ya karatasi mama, akafuata mistari kwa penseli. Alipofika kwenye mfuko akainua penseli.

"Sasa umejua kosa," mama mdogo alisema, akimbembeleza mtoto. "Unaweza kuurudisha kulia."

"Halafu utamjuaje wa kwetu barabarani?"

Akauchora kushoto.