Vitone vya Pembeni na Mdomo wa Wifi

Chiriku alitapika ndani ya sinki la choo. Na usiseme "si ndiyo kazi yake," kwa sababu sinki lenyewe lilikuwa jipya, limekalishwa juu ya meza ya maonyesho, limefungwa utepe mwekundu wa kuwavutia wateja, halina bomba wala shimo la kupeleka kitu popote. Isitoshe, kichwani alikuwa bado amevaa lile dubwana la miwani ya kompyuta, haoni anakotapikia. Alipapasa tu, mkono ukagusa kitu cha mviringo, cha baridi, kinateleza vizuri, akasema moyoni afadhali, ndoo hii hapa.

"Hongera wifi," sauti ikasema nyuma yake. "Umelizindua."

Hiyo ni sauti ya wifi yake, mke wa kaka yake. Tutamfikia, tena hana haraka, maana yule popote panapochekwa Chiriku yeye keshafika zamani.

Kwanza ghala. Lilikuwa ghala la masinki, mabeseni na vigae. Kazi ya Chiriku ilikuwa kufungasha: boksi, karatasi, gundi, boksi, karatasi, gundi, tangu asubuhi mpaka jua linachoka. Jina la Chiriku alipewa na wenzake kwa kuwa mdomo wake ulikuwa haujui sikukuu. Lakini shida yake haikuwa mdomo, ilikuwa miguu. Meza ya kufungashia haikuwa na kiti. Bosi aliamini mtu akikaa anasinzia, na mtu akisinzia anavunja. Basi Chiriku alisimama. Alisimama mpaka jioni miguu inavimba, viatu vinabana, anarudi nyumbani amevikanyaga visigino kama mtu aliyetoroka msalani.

Ghala zima, mfanyakazi aliyekuwa anakaa ni mmoja tu, dereva wa foko, ile gari fupi yenye meno mawili mbele ya kunyanyulia mizigo. Kiti cha foko kilikuwa cheusi, kina mgongo, kina mto. Na dereva wake ndiyo kwanza ameacha kazi, kaenda kufungua saluni. Kiti kiko wazi! Wengine wanatamani gari, wengine nyumba, wengine mume wa mtu. Chiriku alitamani kukaa.

Waliojitokeza walikuwa watatu. Chiriku. Wifi yake, anayepanga vigae upande wa pili, ambaye kazi hapo alitafutiwa na Chiriku huyo huyo, na Chiriku amejuta kila asubuhi tangu hapo. Wa tatu alikuwa shemeji yake Bosi, bwana mmoja wa suruali yenye mstari wa pasi unaoweza kukata kitunguu, ambaye hakuna aliyewahi kumwona ameinua kitu kizito kuliko simu.

Bosi hakutaka mtu ajifunzie kwenye foko yenyewe, kwani aliyejifunza mwisho aliangusha mnara wa mabeseni, na Bosi mpaka leo akisikia kikombe kimeanguka anashika kifua. Ndipo akamleta Injinia na miwani yake. Unaivaa, ghala lote unaliona humo ndani, unashika usukani uliofungwa mezani, unaendesha. Wenzako wanakuona kwenye skrini ukutani. Anayemaliza mzunguko bila kuvunja sinki, ufunguo wake. Na ujue usukani ulifungwa kwenye ile ile meza ya kufungashia, kwa hiyo hata huo mtihani wa kiti walifanyishwa wima.

"Kinachowatapisha watu ni hiki," Injinia alikuwa amewaeleza. Mpole, kipara kinang'aa, anaongea na mikono. "Macho yanaona unatembea. Miguu inajua umesimama pale pale. Tumbo linapokea habari mbili, halijui limwamini nani, linaamua kurudisha kila kitu. Sasa mimi nimeweka vitone."

"Vitone vya nini?" Chiriku aliuliza.

"Vya mwanga. Viko kando kando ya unachoona, huku na huku. Ukigeuza kichwa, vinakimbia. Ukitulia, vinatulia. Vinaliambia tumbo, tulia bwana, tunajua tunakokwenda. Ila msivikodolee macho, vitawavuruga. Vioneni kwa jicho la pembeni tu."

Hapo ndipo Injinia alipoharibu. Maneno yote ya duniani, akaenda kuchagua hayo! Utawaambia nini wanawake wawili waliokutanishwa na ukoo mmoja, wanaokatana jicho tangu siku ya posa? Jicho la pembeni? Hao? Wale walikuwa na digrii ya jicho la pembeni.

La Chiriku lilikuwa la mwili mzima. Linaanzia begani, linapanda shingoni, shingo inazunguka, kidevu kinainuka, mdomo unabetuka, halafu kichwa kinamalizia kwa kutikisika, mcheko wa puani juu yake. Alipovaa miwani akavipa vitone jicho la namna hiyo, miwani ikasikia kichwa kimerushwa, vitone vikatimka kama siafu waliomwagiwa maji ya moto. Akavikata tena jicho, vikatimka tena. Tumbo likapokea habari si mbili, ni magazeti yote. Basi, sinki.

Chiriku akafuta, akaosha, akarudisha utepe. Zamu ikawa ya Wifi.

La Wifi lilikuwa jicho la aina nyingine. Shingo haitikisiki. Uso uko mbele kama picha ya kitambulisho, ila jicho linateleza taratibu mpaka kona, linakukuta, linakupima kuanzia nywele mpaka vidole, linarudi. Mwenyewe husema hajawahi kumgeuzia mtu shingo, watu ndio huhamia mbele yake. Basi akaendesha. Vitone vimetulia tuli, tumbo liko shwari, foko inakwenda mbele inapendeza mpaka Chiriku akaanza kuumwa roho.

Ikafika kurudi nyuma.

"Geuza kichwa dada, uangalie kulia," Injinia akasema.

"Nimwangalie nani?"

"Nyuma! Kuna mnara!"

"Nauona kwa jicho la pembeni."

Haukuonekana. Spika zikapiga kelele ya masinki yanayoanguka, yakaanguka, yakaendelea kuanguka, Bosi akashika kifua mbele za watu.

"Yamevunjika mangapi?" Wifi akauliza, miwani bado usoni.

"Uliza yaliyobaki," Chiriku akasema. "Utamaliza haraka."

Bosi akatoa uamuzi. Wifi amevunja, ametoka. Chiriku hakuvunja, ametapika tu, na sheria haikusema chochote kuhusu kutapika. Arudie mara moja. "Lakini ukishindwa," akasema, "ufunguo anachukua shemeji yangu. Nyumbani nimechoka kuulizwa."

"Naye si apimwe?" Chiriku akauliza.

"Hilo dude litaniharibia nywele," Shemeji akajibu. "Na mimi nina leseni ya pikipiki."

Chiriku akavaa miwani, akakaza mkanda, akashika usukani. Mbele yake ghala lote jeupe kwa masinki, na kando ya macho vile vitone, huku vichache, huku vichache, vimekaa kama vinamngoja aharibu. Usigeuze shingo, akajiambia. Usigeuze shingo. Kiti, Chiriku. Kiti.

Foko ikaondoka. Ikakata kichochoro cha kwanza. Tumbo likanguruma, likatulia.

"Mwangalie," Wifi akasema kutoka kushoto, bado ana uchungu wa masinki yake. "Amejiinamia utafikiri anatafuta hereni iliyodondoka chooni."

Shingo ya Chiriku ikaruka kushoto yenyewe. Vitone vikatimka. Mate yakajaa mdomoni.

"Dada, usigeuke ovyo!" Injinia akapiga kelele.

"Si ananisema!"

"Mwache akuseme!"

"Wewe umeoa?" Chiriku akamuuliza, huku anameza. "Kama hujaoa, basi hujui unachoongea."

Wifi akaona dawa imefanya kazi, akajiandaa kuongeza dozi. Akavuta pumzi kabisa. Lakini pembeni yake Shemeji alikuwa ameshamsogelea Bosi, anaongea kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuajiriwa. "Kile kiti nitakitafutia kitambaa cha chui chui. Halafu nitahitaji mtu wa kuniletea chai kule juu." Akamnyooshea Wifi kidevu. "Hata yule wa vigae anatosha."

Yule wa vigae!

Jicho la Wifi likateleza mpaka kona, likamkuta Shemeji, likampima kuanzia nywele mpaka ule mstari wa pasi, likarudi. Halafu likaenda kwenye skrini. Huko Chiriku alikuwa anarudi nyuma na mzigo, na baada ya kukatazwa kugeuka ovyo, sasa alikuwa hageuki kabisa. Shingo kaikaza kama mlingoti, na nyuma yake kulia, mnara unamsubiri.

Wifi akazunguka meza, akasimama kulia kwake.

"Wifi, lile gauni la harusini kwangu ulishonewa, au ulifunikwa tu?"

Shingo ikaruka kulia. Mnara huu hapa! Chiriku akakanyaga breki, meno ya foko yakasimama unywele mmoja kutoka kwenye masinki. Vitone navyo vikatimka, tumbo likapanda mpaka kooni, akashika meza kwa mikono miwili.

"Amegeuka pazuri!" Injinia akaruka, akamgeukia Wifi. "Dada, endelea! Ila usimrushe shingo, atatapika! Rusha vijembe polepole!"

"Polepole vipi?"

"Mvute! Vitone viende taratibu!"

Basi ikawa hivyo, na wafanyakazi wote wakaacha kazi wakaja kuangalia. Foko ikitakiwa kukata kushoto, Wifi anahamia kushoto, anakitoa kijembe kama mtu anayemimina mafuta kwenye chupa. "Wiiifiii... hiviiii... ile sufuria yanguuu... uliyoazima..." Na shingo ya Chiriku inageuka nayo, inageuka, vitone vinateleza kama maji ndani ya beseni lililobebwa na mtu mwenye adabu. Tumbo kimya. Ikitakiwa kwenda moja kwa moja, Wifi anafunga mdomo, na kwake hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ngumu, mpaka shingo inamtoka mishipa. Kulia akamkumbusha alivyocheza muziki siku ya kipaimara cha mtoto, akiwa peke yake, muziki umezimwa. Kushoto akamsema unyayo. Kulia tena, mapenzi yake ya zamani na yule fundi wa redio aliyekuwa anamsahau jina.

"Nikitoka humu ndani nitakuua," Chiriku akasema, anageuka polepole, jicho moja kwenye kioo cha foko.

"Toka kwanza."

Kikabaki kichochoro cha mwisho, chembamba, kurudi nyuma na mzigo wa masinki juu. Na kwenye skrini wote wakamwona: mtu wa kompyuta, kavaa kofia ya kazi, anavuka kutoka kushoto bila wasiwasi wowote wa maisha. Wifi akakimbilia kushoto. Akafungua mdomo.

Hamna kitu.

Jamani, ameishiwa! Mwanamke yule, kwa mara ya kwanza tangu aingie kwenye ukoo, hana la kumsema wifi yake. Miguu kaisema, gauni kalisema, muziki, sufuria, fundi wa redio, yote kayatumia. Injinia anapunga mikono. Bosi kashika kifua. Mtu wa kompyuta anazidi kuja. Shemeji anatabasamu, anajifuta mabega.

"Wifi," Wifi akasema. "Mwanangu... ana pua yako."

Chiriku akangoja kijembe kiishe. Kilikuwa hakijaisha.

"Na ni pua nzuri. Nikimwangalia... nafurahi."

Shingo ya Chiriku haijawahi kugeuka taratibu namna ile. Ilikwenda kama ya mtu aliyesikia mbuzi anasoma taarifa ya habari. Kidogo, kidogo, kidogo, vitone vikiambaa kando ya macho yake kwa upole ambao Injinia mwenyewe hakujua kama vinao. Mpaka akamwona mtu wa kofia. Akasimamisha foko. Mtu akapita, hata hakusema asante. Chiriku akamalizia kurudi nyuma, akashusha mzigo, spika zikalia kengele ya ushindi ambayo Injinia alikuwa ameitengeneza kwa mdomo wake mwenyewe, na ilisikika hivyo.

Ghala likalipuka. Mtu wa stoo akampiga Injinia kofi la furaha kwenye kipara. Shemeji akasema miwani imependelea. Bosi akatoa ufunguo mfukoni, akautazama, akamtazama Shemeji, akafikiria chakula cha jioni nyumbani kwake kitakavyokuwa, akashusha pumzi, akamkabidhi Chiriku.

Chiriku akavua miwani. Mkanda ulikuwa umemchora usoni kama sufuria iliyofungwa kamba. Akamtafuta Wifi, akamkuta anakunja vitambaa visivyohitaji kukunjwa.

"Ile ya pua niliisema kwa ajili ya kazi," Wifi akasema, uso mbele.

"Najua."

"Usiende kumwambia kaka yako."

"Nimwambie nini? Mimi sikusikia, nilikuwa natapika."

"Hukutapika."

"Basi nilikuwa karibu."

Bosi akawapungia kutoka mlangoni. Lori la masinki lilikuwa limefika na linangoja kushushwa, dereva wake anapiga honi, twende, twende. Chiriku akaivuka ile meza ya kufungashia bila kuitazama, akapanda foko, foko yenyewe, ya chuma, akajishusha kwenye kile kiti cheusi. Mto ukalia *fyuuu*. Mgongo ukaegemea. Miguu, ile miguu, ikaning'inia kidogo, halafu ikajilaza mbele yake kama watoto waliotoka shule.

Honi ikalia tena. Wifi alikuwa ameshasimama upande wa kulia, mikono kiunoni, akitafuta la kuanzia.

"Washa basi!" Bosi akapiga kelele. "Unangoja nini?"

"Subiri kidogo, bosi," Chiriku akasema, macho kafumba. "Bado nakaa."